Zenia halifumbi mikono kwa njaa

Anayeliona zenia kwa mara ya kwanza husema linaomba chakula. Ni tumbawe laini: shina fupi, na juu yake polipi (viumbe vidogo wanaounda tumbawe) zenye mikono minane yenye vijinyoya, ikifumba na kufumbua mfululizo kama kiganja cha mtoto mchanga. Basi mwenye tangi la samaki hulimwagia unga wa planktoni, yaani vijidudu vielea-majini, kila jioni. Unga huozea mchangani, maji yanachafuka, samaki wanahema juu juu.

Ukweli ni kwamba zenia ni nadra kuonekana likimeza chochote. Chakula chake kikubwa hutengenezwa na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya mwili wake, kwa nguvu ya mwanga. Mikono ya nini basi? Utafiti uliochapishwa 2013, uliofanywa Eilat, Israeli, katika Bahari ya Shamu kwa jamaa yake *Heteroxenia fuscescens*, ulionyesha kuwa kufumba na kufumbua huko husukumia mbali maji yaliyojaa oksijeni. Oksijeni ikituama kando ya polipi, usanisinuru, yaani kazi hiyo ya mwani ya kutengeneza chakula kwa mwanga, hufifia. Kwa ufupi, linajipepea.

Kwa hiyo likiacha kufumba na kufumbua, weka kopo la unga kabatini. Pima chumvi (gramu 35 hivi kwa kilo ya maji), joto la nyuzi 24 hadi 27, kisha tazama taa. Wengine wanaapa kwamba tatizo ni pH tu, yaani kipimo cha asidi ya maji. Mimi siwaamini sana, maana nimeliona likigoma wiki nzima kwenye maji safi kabisa, kisha likaanza lenyewe.

Na lipandikize kwenye jiwe la peke yake. Likikolea, hutambaa kama magugu.