Kwa nini mafuta ya mchaichai huvuta nyuki mzingani?

Wafugaji wa nyuki wa Tabora wanaijua kero hii: mzinga umetundikwa, msimu unapita, na kundi haliingii. Dawa ya siku zote ni kupaka nta ndani. Ila harufu yake inapata nguvu zaidi ukiongeza mafuta ya mchaichai, majani yaleyale tunayotia kwenye chai.

Nyuki wanapopata makao mapya, nyuki vibarua (wafanyakazi) huinua tumbo, hufungua tezi ya harufu iitwayo Nasonov iliyo karibu na ncha yake, kisha hupiga mbawa ili harufu iwafikie wenzao. Ndani ya harufu hiyo mna sitrali, kemikali inayonukia kama limau, na sitrali ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai, mara nyingi asilimia 65 hadi 85. Nyuki mpelelezi akiikuta kwenye mzinga mtupu, huvutiwa kuukagua.

Tia matone mawili au matatu kwenye pamba, uifunge ndani ya kifuko cha nailoni chenye tundu dogo ili harufu itoke polepole, kisha uiweke nyuma, mbali na mlango. Usimwage ovyo, maana harufu ikizidi huwafukuza. Mzinga wenye siafu au ufa unaovujisha mvua hauponi kwa harufu. Usafishe na uuzibe kwanza. Wala usipake kwenye mzinga wenye nyuki tayari, unaweza kuwaita nyuki wa mizinga ya jirani waje kuiba asali.

Sasa upande wa hatari, ambao watu huupuuza kwa sababu chai yake hainywewi kwa hofu. Kilo nzima ya majani mabichi hutoa gramu 2 hadi 5 tu za mafuta, kwa hiyo kikombe cha chai na kijiko cha mafuta ni vitu viwili tofauti kabisa. Usiyanywe. Yakiwa matupu huwasha ngozi, na aliyekwisha kupata mzio wa sitrali huwashwa hata na kiasi kidogo. Wa kujipaka atumie matone 3 kwenye vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti. Maji hayafai kuyapunguza: mafuta huelea, na tone huifikia ngozi likiwa na ukali wake wote. Yakikumwagikia, pangusa kwa mafuta ya kupikia, ndipo uoshe kwa sabuni. Mtoto akiyameza, usimtapishe, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali pamoja na chupa.

Yatunze kwenye chupa ya kioo cheusi, kivulini, imefungwa vizuri. Yaliyochakaa kwa hewa na joto huwasha zaidi.