Kipindi cha Muziki Hakiazimwi

Muhula huu kitengo chetu cha ukaguzi wa masomo ya sanaa kimepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kuhusu somo la muziki. Wazazi wanalalamikia kelele na muda wa watoto wao. Walimu nao wanasema vipindi vyao huchukuliwa kila mitihani inapokaribia, kisha siku ya mahafali wanaamriwa watoe kwaya iliyoiva. Tunaamini kila upande una nia njema. Hata hivyo, yapo mambo tuliyokwisha kuyaeleza mara nyingi, na inatubidi tuyarudie.

Muziki haukuwekwa kwenye ratiba ili usaidie hesabu. Hoja hiyo huletwa na watetezi wa somo lenyewe, nayo hulidhuru. Wengi huegemea utafiti wa mwaka 1993 kuhusu kusikiliza muziki wa mtunzi Mozart. Walioshiriki walikuwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, si watoto. Walisikiliza kwa dakika 10, na nafuu waliyoipata katika maswali ya kufikiria maumbo haikudumu zaidi ya dakika 10 hadi 15. Hakuna aliyefundishwa muziki pale. Mwalimu anayetwishwa mzigo wa kupandisha alama za somo la mwenzake ataonekana ameshindwa hata kama darasa lake linaimba sauti nne bila kinanda.

Kazi yake hupimwa kwingine. Mtoto aliyezoea kuimba wimbo mzima kwa noti moja anasikia, kwa masikio yake mwenyewe, kwamba yuko chini ya wenzake. Anapanda, anawapata, anabaki nao. Wa sauti ya tatu, waliokuwa wakivutwa na sauti ya kwanza wiki nzima, siku moja wanashika mstari wao mpaka mwisho na kutazamana kwa mshangao. Walimu wa muziki huvumilia mengi kwa ajili ya dakika kama hizo. Sisi tunaoketi nyuma ya darasa na daftari la ukaguzi tumezishuhudia, na hatuoni sababu ya mtu kuziita mchezo.

Kosa linalotusikitisha zaidi ni la kumwondoa mvulana kwenye kwaya sauti yake inapoanza kupasuka, mara nyingi kati ya miaka 12 na 15. Koo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka, sauti inashuka kwa takriban oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini. Hajapoteza kipaji. Anahitaji mstari wenye noti chache, uliopangwa upya kufuata sauti aliyonayo mwezi huo. Hiyo ni kazi ya ziada kwa mwalimu, na ifanyike.

Kuhusu ala, utaratibu ni huu. Mwanafunzi haondoki na ala ya shule bila fomu ya nakala tatu: moja ya stoo, moja ya mzazi, moja ya jalada la shule. Namba ya ala huandikwa kwenye nakala zote, pamoja na mikwaruzo na nyufa zilizokuwepo. Siku ya kurudisha, ala hukaguliwa mbele ya mwanafunzi. Waya uliokatika au ngozi ya ngoma iliyolegea ni uchakavu wa kawaida, na mzazi hadaiwi. Ala iliyopotea hulipwa kwa thamani yake ya sasa, si bei ya mpya. Shule haina ruhusa ya kuzuia ripoti ya mtoto kwa deni hilo. Mkuu wa shule anayefanya hivyo hupewa onyo la maandishi, na akirudia jalada lake hupelekwa kwenye bodi.

Kunakili vitabu vya noti kwa mashine kunahitaji idhini ya mwenye haki. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza. Kusema "ni kwa ajili ya watoto" hakutoshi.

Wanaolalamikia kelele wana hoja, ila wamemsahau anayeumia zaidi, yaani mwalimu. Kipimo kinachotumika sana katika usalama kazini ni desibeli (vizio vya ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama hupungua nusu: 88 kwa saa 4, 94 kwa saa moja tu. Tarumbeta na ngoma ndani ya chumba kilichofungwa huvuka hapo kwa urahisi. Mazoezi ya bendi yafanyike uwanjani au kwenye ukumbi, na mwalimu apewe vizibo vya masikio.

Mwalimu aliyenyang'anywa kipindi aandike siku hiyo hiyo: tarehe, darasa, aliyetoa amri na somo lililofundishwa badala ya muziki. Nakala ibaki kwake, nakala ije kwetu. Malalamiko ya mdomo hatuwezi kuyafungulia jalada.