Plasta za silikoni za makovu: tunavyodhani na ukweli ulivyo

Hizi plasta za silikoni, zile karatasi laini zinazonata za kubandika juu ya kovu, watu wananunua kwa hela nyingi halafu wanazitumia ndivyo sivyo, wiki mbili zikipita wanasema ni utapeli. Inaniuma, maana wengi wao ni akina mama wenye mishono ya operesheni na watu walioungua moto, na kitu chenyewe kinaweza kuwasaidia.

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba silikoni ni dawa, inaingia ndani inalila kovu. Haiingii. Inakaa juu ya ngozi hapo hapo, kazi yake ni kuzuia maji yasipotee. Kovu changa ngozi yake ya juu bado haijakomaa, inapoteza maji haraka, na seli za juu zikikauka zinazichochea za chini zitengeneze kolajeni, yaani protini inayojenga kovu, nyingi kupita kiasi, ndo unaona kovu linatuna, linakuwa gumu, linawasha usiku kucha. Ukilifunika unyevu unabaki na ule uchochezi unapoa, kovu linaanza kulainika pole pole. Madaktari wa Australia waliandika kuhusu kuitumia kwa makovu ya moto tangu mwaka 1983, so sio kitu cha juzi.

Ukishaelewa hivyo utaona kwa nini kubandika lisaa limoja ukienda kulala hakusaidii. Inatakiwa masaa 12 mpaka 24 kwa siku, kwa miezi 2 au 3 na wengine zaidi. Najua joto la Dar na Mombasa, jasho likikaa chini ya plasta ngozi inawasha na kutoa vipele, kwa hiyo anza na masaa machache ongeza kidogo kidogo, na kila siku ibandue, oshea ngozi na plasta yenyewe kwa maji na sabuni isiyo kali, halafu iache ikauke kwa hewa. Usiifute na taulo, nyuzi zinaganda kwenye gundi na haishiki tena. Ukiitunza hivyo moja inarudiwa kwa wiki kadhaa.

"Niwahi kubandika kabla kidonda hakijapona." Hapana, subiri kidonda kifunge kabisa, nyuzi zimetolewa, kigaga kimedondoka. Kuna silikoni nyingine ya vidonda vibichi, inatumika hospitali kwa sababu haigandi kwenye kidonda, lakini hiyo ni kitu kingine.

Keloidi sasa. Kovu la kawaida lililovimba linabaki ndani ya mipaka ya kidonda, keloidi inavuka mipaka inakula ngozi ya pembeni isiyo na kidonda, na sisi wenye ngozi nyeusi inatupata zaidi, masikioni, kifuani, mabegani. Plasta peke yake haiondoi keloidi kubwa ya miaka mingi, na anayekuahidi hivyo anataka hela yako tu. Hapo ni daktari wa ngozi, mara nyingi sindano za steroidi, dawa inayopunguza uvimbe wa kovu, na kukata tu bila tiba nyingine mara nyingi inarudi, hata kubwa kuliko mwanzo. Hata kwa makovu mengine tusipambe, uchambuzi wa 2013 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulikuta tafiti nyingi za silikoni ni dhaifu. Inasaidia wengi, haifuti kovu likawa kama halikuwepo.

Na vitamini E ya kupaka kwenye kovu? Utafiti mdogo wa Marekani wa 1999 ulikuta haikuboresha makovu, na theluthi moja ya waliopaka ngozi iliwaharibikia.

Halafu watu wanachanganya hizi na plasta za dawa, wanadhani dawa inatibu pale ilipobandikwa. Nyingi ya hizo, ambazo baadhi gundi yake ni silikoni, zinapitisha dawa taratibu kwenye ngozi mpaka kwenye damu. Ile ya skopolamini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1979 inabandikwa nyuma ya sikio, inazuia kichefuchefu cha safari! Kwa hiyo plasta ya fentanili ya maumivu ya kansa usiiweke mahali panapouma ukaikandia maji ya moto juu yake, joto linaongeza dawa inayoingia mwilini na inaweza kuua. Na ukiitoa ikunje, upande wa gundi ushikane wenyewe, iweke mbali kabisa na watoto maana bado ina dawa.