“Nirushie faili lako nibandike”: dhana potofu kuhusu Mutt ninazokutana nazo Dodoma

Jumatatu asubuhi, chai bado ya moto, ujumbe wa kwanza wa wiki ukaingia: “Shikamoo fundi. Mutt nimeshaiweka. Sasa nirushie faili lako la mipangilio nibandike, nisikusumbue.” Kijana mstaarabu, anasoma uzamili pale kilimani, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nikamjibu marahaba, nikamwambia faili simpi. (Mutt ni programu ya barua pepe ya maandishi matupu, unayoiendesha kwa vitufe, na faili lake la mipangilio linaitwa muttrc.) Ni wa nne mwezi huu, na kila mmoja anaamini ananipunguzia kazi. Wa tano atakuta nimeshaandika.

“Chukua muttrc ya mtu anayejua, bandika, kazi imeisha”

Naelewa inakotoka. Mutt ina mamia ya vigezo, mwongozo wake ni mrefu kama safari ya Manyoni kwa basi la kushusha kila kijiji, na kuna watu wanaitumia tangu Michael Elkins alipoitoa mwaka 1995. Mtu anajiuliza kwa nini ateseke wakati mwingine ameshateseka. Ila muttrc ya mtu imebeba anwani zake, seva yake, tabia zake, na makosa aliyoyazoea miaka kumi. Ni koti la mtumba pale Sabasaba (nasema mtumba wa nguo, siyo Mtumba ya wizara). Linaweza kukukaa vizuri sana. Lakini mfukoni mna vitu vya mwenyewe, na wewe hujatia mkono.

Mhasibu wa ofisi moja ndogo ya Area C aliniita kwa ajili ya printa. Nilipokaa kwenye kompyuta yake nikaona kila barua anayotuma ina nakala fiche inayokwenda kwenye anwani ya ng'ambo. Alikuwa amepakua muttrc ya mistari zaidi ya 400, akabadilisha jina na nywila, basi. Katikati kulikuwa na mstari unaoanza na `my_hdr Bcc:` ukifuatiwa na anwani ya mwenye faili, ambaye bila shaka alikuwa akijiwekea kumbukumbu ya barua zake mwenyewe. Kwake hakuna ubaya. Kwa mhasibu wangu, profoma na orodha za mishahara za wiki tatu zilikuwa zimeshafika kwa mtu asiyemjua. Na Mutt haikumficha kitu: kabla hujabonyeza `y`, skrini ya mwisho inaonyesha mstari wa Bcc waziwazi. Yeye alishazoea: andika, funga, `y`, imeondoka.

Mwingine ni mzee mstaafu wa Kikuyu. “Mwanangu, barua zangu zinaliwa.” Akiisoma barua kwenye laptopu mchana, jioni haipo kwenye simu. Alikuwa ameshabadili nywila mara mbili akidhani amedukuliwa. Faili alilopewa na mpwawe lilikuwa na `set move=yes`. Kigezo hicho kinaiambia Mutt: barua iliyokwisha kusomwa itoe kwenye kikasha, ipeleke kwenye faili la `mbox` ndani ya kompyuta hii. Zamani, barua ziliposhukia kwenye mashine moja nawe ukazisomea hapo hapo, ilikuwa na maana. Leo kikasha kiko kwenye seva ya IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa zinabaki kwenye seva), kinasomwa na simu, laptopu na kompyuta ya ofisini, na kigezo hicho kinahamisha barua zako nyumba bila kukuaga. Tulizikuta zote, zimejikusanya kwenye faili moja kwenye folda yake kuu.

Halafu kulabu, yaani mistari inayoiambia Mutt ikifika mahali fulani ifanye jambo fulani. Hapa wanategwa hata wenye uzoefu. Mtu ana akaunti mbili, ya kazini na ya kwake. Kwenye faili la mwenzake ameona `folder-hook`, akachukua mstari mmoja: nikiingia folda ya kazini, weka saini ya kazini. Anajaribu, inakubali. Anarudi kikasha chake, anamwandikia shangazi yake wa Mpwapwa salamu za pole, na barua inatoka ikiwa na saini ya Afisa Manunuzi. Ananipigia kwamba Mutt ina hitilafu.

Haina. Kulabu inafanya kazi unapoingia kwenye folda. Kulabu ya kutokea haipo. Kilichowekwa kinabaki mpaka kitu kingine kikibadilishe. Dawa yake ni mistari miwili, kwa mpangilio huu na si mwingine:

`folder-hook . 'set signature=~/.saini-nyumbani'`
`folder-hook kazini 'set signature=~/.saini-kazini'`

Nukta ile inalingana na folda yoyote, kwa hiyo kila ukiingia popote Mutt inarudi kwanza kwenye hali ya kawaida, kisha folda ya kazini inaweka yake juu. Kulabu zote zinazolingana hutekelezwa moja baada ya nyingine kama zilivyoandikwa, na ya mwisho ndiyo inayoshinda. Ukiiweka nukta chini, inafuta kila kilichotangulia. `send-hook` ina tabia hiyo hiyo. Sasa mtu aliyenakili mstari wa 310 atajuaje kwamba mwenzake uko kwenye mstari wa 95? Ndiyo maana simpi mtu faili langu. Langu lina kulabu za aina hiyo kumi na kitu.

Na kuna alama za kunukuu, ambazo zimewahi kunipeleka Nzuguni na bodaboda saa mbili usiku. Ndani ya muttrc, alama ya reli (#) isiyo ndani ya nukuu inaanzisha maelezo, na kila kinachoifuata kinapuuzwa. Nywila yako ikiwa Zabibu#77 na umeiandika bila nukuu, Mutt inapeleka Zabibu. Seva inakataa, wewe unalaumu mtandao. Ukitumia nukuu pacha na nywila ina alama ya dola, Mutt inadhani unataja kigezo, inaenda kukitafuta. Kwa hiyo nywila iwekwe ndani ya nukuu moja moja. Ila Kiswahili kina mtego wake hapa, na huu hutaukuta kwenye faili la Mjerumani: ng'. Mwenye duka Chang'ombe akiandika jina la duka lake ndani ya nukuu moja moja, ile alama ya kwenye Chang'ombe inahesabiwa kuwa ndiyo mwisho wa nukuu, na jina linalotoka si lile aliloandika. Hilo liwekwe kwenye nukuu pacha. Na kama ulipokea mistari kwa WhatsApp au kupitia Word, angalia nukuu zisiwe zimepindishwa. Mutt haizitambui hizo.

Wenye Gmail, moja zaidi. Majina ya folda zake maalumu kwenye IMAP yanafuata lugha ya akaunti. Faili la kunakili linasema `[Gmail]/Sent Mail`, akaunti yako umeiweka Kiswahili, folda ya jina hilo haipo. Bonyeza `c`, kisha alama ya kuuliza, uone majina kama seva yako inavyoyaita, uandike hayo.

Ninachowaambia wateja ni hiki, na wengine wananiona mkorofi: anza na mistari kumi. Jina, anwani, seva ya kupokea, seva ya kutuma, `ssl_force_tls` (inalazimisha muunganisho uliosimbwa), kihariri, akiba mbili nitakazozitaja chini, `set move=no`, na `set delete=ask-yes` ili iulize kabla ya kufuta. Itumie wiki nzima hivyo. Kitu kikikukera, tafuta kigezo chake kwenye mwongozo, ongeza mstari mmoja, na juu yake andika kwa Kiswahili kwa nini umeuweka na tarehe. Mstari usioweza kuuandikia maelezo, usiuweke. Ukiwa na shaka kigezo kimesimamaje, andika `:set ?move` humo humo ndani ya Mutt nayo itakujibu. Ukitaka kujaribu vitu vya watu, viweke kwenye faili la pembeni na uwashe kwa `mutt -F` ukitaja faili hilo. Lako linabaki salama. Rangi nakili upendavyo. Rangi haijawahi kumtumia mtu barua.

“Ni maandishi matupu, kwa hiyo inaokoa bando”

Hii inanikera kwa sababu nusu yake ni kweli. Picha za matangazo zilizoko kwenye seva za watu Mutt haizivuti, hapo umeokoa. Lakini ukifungua barua kwa IMAP, Mutt inaishusha yote, pamoja na viambatisho, hata kama ulitaka kusoma mstari mmoja wa “tafadhali pokea”. Na kiambatisho kikisafiri kwa barua pepe hunenepa kwa theluthi hivi: PDF ya MB 6 inakuja kama MB 8. Ukitoka na kurudi bila akiba, inashuka tena. Vivyo hivyo vichwa vya barua: kikasha cha barua 20,000 kinasomwa upya kila ukiwasha. Weka `header_cache` na `message_cachedir`, kila kimoja na folda yake, na kilichoshuka mara moja hakishuki tena. Mteja mmoja anayekwenda Bahi na Kondoa kwa kazi za utafiti alikuwa anamaliza bando la wiki kwa siku mbili, anailaumu laini. Mistari miwili tu ilikuwa inakosekana.

“Ni salama kwa sababu haina picha”

Picha za kukupeleleza hazifunguki, sawa. Barua yenyewe inakaa kwenye seva ile ile ikisomeka vile vile. Usimbaji wa njiani ni kazi ya TLS, na wa barua yenyewe ni GPG, ambayo Mutt inaikubali vizuri lakini haikuwashii yenyewe. Na ninyi mnaoandika nywila wazi kwenye muttrc kisha mnaiweka faili kwenye flashi ya kuazimana: `chmod 600` kwanza (ili faili lisomwe na wewe tu), halafu jifunzeni kuiweka nywila kwenye faili lililofungwa na GPG.

“Google waliizuia Mutt”

Walichofunga, tarehe 30 Mei 2022 kwa akaunti binafsi, ni programu za nje kuingia kwa nywila yako ya kawaida. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, tengeneza nywila ya programu yenye herufi 16, weka hiyo. Akaunti za taasisi mara nyingi zinataka OAuth2, yaani kuingia kwa kibali badala ya nywila. Mutt inaiweza pia, ila kaa na msimamizi wa mtandao wenu kabla hujaanza kuhangaika usiku peke yako.

“Barua za siku hizi hazisomeki humo”

Za HTML zinasomeka. Kwenye `~/.mailcap` (faili linalosema kila aina ya maudhui ifunguliwe na programu gani) weka mstari `text/html; w3m -T text/html -dump %s; copiousoutput`, kwenye muttrc weka `auto_view text/html`, na w3m, kivinjari cha maandishi, iwepo kwenye mashine. Viambatisho viko kwenye `v`. Barua ambayo imetengenezwa yote kuwa picha moja, hata ningekuwa na skrini ya sinema nisingeisoma.

“Ni programu ya wazee, imekufa”

Toleo la 2.0 lilitoka Novemba 2020, na matoleo yameendelea. NeoMutt, tawi lake, ipo, na aerc, programu nyingine ya aina hii, ipo tangu 2019. Nimeulizwa hili na mtu aliyekuwa anatumia simu yenye mfumo ambao hausasishwi tena.

“Lazima kwanza ujue Vim”

Hapana. Vim ni kihariri kimoja tu, na Mutt haikulazimishi kihariri, inaita unachoitajia. `set editor=nano` na maisha yanaendelea. Vitufe vya kujua siku ya kwanza ni `m` (andika), `r` (jibu), `g` (jibu wote), `d` (futa), `v` (viambatisho) na alama ya kuuliza, ambayo inakuorodheshea vilivyobaki kwenye skrini uliyopo.

“Mtandao ukikatika haina kazi”

Kama umeiunganisha moja kwa moja na IMAP, ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini hulazimiki. Yule wa Bahi nilimwekea mbsync, programu ya kulandanisha barua: asubuhi kabla hajaondoka mjini inashusha kikasha chote kwenye Maildir (folda ya barua) ndani ya laptopu, Mutt inasoma hapo, anaandika majibu chini ya mbuyu na kuyaahirisha kwa `P`. Jioni akifika penye mtandao anabonyeza `m`, Mutt inamuuliza kama aendelee na zilizoahirishwa, anazituma moja moja. Anasoma mstari wa Bcc kila mara. Nilimsimulia habari ya mhasibu.