Je, wajua kwa nini jozi ya katikati haitaki dau kubwa?

Poka ninayoizungumzia si ile ya mitaani Nairobi ambapo mchezaji hutangaza "niko kadi" kabla ya kumaliza. Ni Texas Hold'em: unapewa kadi mbili za siri, zinafunuliwa tatu mezani kwa pamoja (hizo ndizo flopu), kisha ya nne na ya tano.

Tuseme una 9 na 8. Flopu inaleta mfalme wa shupaza, 9 ya uru na 4 ya kopa. Jozi umepata, ila mfalme yuko juu yake: hiyo ndiyo jozi ya katikati. Hali hii si nadra: hata ukipewa 8 mbili, flopu huleta angalau kadi moja iliyo kubwa kuliko 8 takribani mara 87 kwa 100.

Kwa miaka niliamini jibu ni dau kubwa, ili niilinde jozi yangu na nijue mwenzangu ana nini. Nilikosea, na wengi ninaocheza nao Ijumaa jioni South B, kwa vizibo vya soda, bado wanaamini hivyo.

Tazama nani anaondoka. Mwenye 7 mbili anatupa kadi. Mwenye ree na malkia anatupa. Mwenye 4 moja naye anatupa. Hao wote ulikuwa umeshawapita, na yule wa 7 mbili alibakiwa na kadi 2 tu za kumwokoa. Sasa tazama nani anabaki: mwenye mfalme, mwenye ree na 9, mwenye 4 mbili mkononi. Wote hao wamekupita wewe.

Ni kama kupepeta nafaka penye upepo mkali: chepesi hupeperuka, kizito hubaki kwenye ungo. Shambani unakitaka kizito. Mezani chepesi ndicho kinachokulisha, nawe umekipeperusha mwenyewe. Dhidi ya mwenye mfalme, kadi 5 tu zinakuinua, yaani 9 mbili na 8 tatu, na moja ya hizo hutokea katika kadi mbili zilizobaki kama mara 20 kwa 100.

Kwa hiyo pita bila dau, au weka dogo, kama theluthi ya kilichoko mezani. Ijumaa iliyopita nilipita. Rundo lilikuwa vizibo 30, mwenzangu akaweka 15. Nilitakiwa kulipa 15 ili nipate 45, kwa hiyo kushinda mara moja kati ya nne kungetosha. Nikalipa. Alikuwa na ree na malkia, na hazikumfaa hadi mwisho.

Mambo hubadilika flopu ikileta kopa mbili au kadi zinazofuatana, maana kumpitisha mtu bure hapo ni kumpa nafasi ya kukamilisha kadi tano za aina moja au zinazofuatana, na hilo linaweza kukugharimu. Mkiwa wanne au watano, jozi hiyo hudhoofika zaidi. Na yuko mmoja mezani kwetu asiyetupa kadi yoyote. Kwake naweka dau la kutosha, kwa sababu 7 zake mbili zitanifuata hadi kadi ya tano.