Pedali ya breki inazama taratibu: pima kwa mguu kabla ya kushika spana

Noah moja ililetwa gereji kwangu hapa Iringa ikiwa imeshapita kwa fundi mwingine. Padi za mbele zilikuwa zimebadilishwa, na breki zimetolewa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta, mara tatu. Mama mwenye gari alinieleza hivi: "Fundi, nikikanyaga kwa nguvu inashika vizuri. Ila nikiwa kwenye foleni, nimeweka mguu tu, pedali inashuka yenyewe mpaka chini."

Maelezo hayo yalinipa nusu ya kazi, na ndiyo maana huwa nasikiliza kwanza. Pedali "mbovu" si ya aina moja. Ikibonyea kama sponji, fikiria hewa, kwa sababu mafuta ya breki hayabanwi ila hewa hubanwa. Ikiwa chini mno, halafu ukiipampu mara mbili inapanda, mara nyingi viatu vya dramu za nyuma vimelika au havijarekebishwa, na wakati mwingine ni beringi ya gurudumu iliyolegea inayorudisha nyuma pistoni ya kalipa, kifaa kinachobana padi. Lakini ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, ujue mafuta yanahama. Ama yanatoka nje, ama yanavuja humo humo ndani ya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), yakipita pembeni ya raba na kurudi kwenye kikombe cha mafuta kilicho juu yake.

Kwa nini ikanyagwe kwa nguvu ishike, na kwa upole izame? Raba za masta silinda zina mdomo unaotanuliwa na presha. Presha ikiwa kubwa, mdomo unabana ukuta wa silinda hata kama umeanza kuchakaa. Presha ikiwa ndogo, mdomo haubani vya kutosha. Fundi anayejaribu gari kwa kukanyaga kwa kishindo ataona breki ni nzima na kukurudishia ufunguo. Mimi hupima kwa mguu mwepesi, kama wa dereva anayesubiri taa.

Zima injini, kanyaga mara tano au sita ili umalize vakyumu ya busta (kifaa kinachotumia mvuto wa injini kuusaidia mguu), kisha shikilia kwa upole nusu dakika. Halafu, mguu ukiwa bado hapo, washa injini. Pedali itashuka kidogo na kusimama. Huko kushuka ni busta inafanya kazi yake. Nimeona watu wakinunua masta silinda mpya kwa ajili ya hilo tu. Ikiendelea kushuka bila kusimama, hapo kuna ugonjwa.

Sasa tafuta uvujaji wa nje: nyuma ya kila gurudumu, ndani ya dramu kwenye vifuniko vya mpira, kando ya mabomba yote. Sehemu inayosahaulika ni pale masta silinda inapokutana na busta. Raba ya nyuma ikifa, mafuta huingia ndani ya busta, na injini inaweza kuyavuta na kuyachoma kwa moshi mweupe. Kikombe kinapungua na chini hakuna hata tone. Legeza nati, vuta masta mbele kidogo, mulika kwa tochi.

Kwa yule mama kikombe hakikuwa kimepungua na kila mahali palikuwa pakavu. Nilifungua mabomba kwenye masta, nikaziba matundu yake kwa plagi, nikakanyaga. Masta nzima ikizibwa hivyo inakuwa ngumu kama jiwe. Hii ilizama. Padi hazikuwa na kosa lolote.

Nadhani kule kutoa upepo mara tatu kuliharakisha kifo chake. Katika matumizi ya kawaida pistoni husafiri sehemu tu ya silinda. Kule mbele isikofika hujikusanya kutu na uchafu. Ukikanyaga pedali mpaka sakafuni kwenye gari la zamani, raba laini zinapita juu ya kutu hiyo na kuchanika. Mimi huweka kipande cha ubao chini ya pedali kila ninapotoa upepo.

Kuna waliozoea kubadilisha raba peke yake. Inawezekana, mradi ukuta wa silinda ni laini. Ukipitisha kucha na ikanasa, usijidanganye. Huu ulinasa, tukafunga masta mpya. Kabla ya kuifunga niliibana kwenye vaisi na kuitoa hewa mezani. Kisha nikatoa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, kwa kuwa usukani wetu uko kulia. Baadhi ya magari yana mpangilio wake, na yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) huenda yakahitaji kompyuta. Ukiona hewa haiishi kabisa, angalia kama kalipa hazikubadilishana pande, tundu la kutolea upepo likawa chini. Hewa hukaa juu, haitatoka.

Neno "oili ya breki" linanitisha. Limewafanya watu wamimine oili ya injini kwenye kikombe, na raba zote za mfumo zikavimba. Tumia DOT, yaani daraja la mafuta ya breki, iliyoandikwa kwenye kifuniko. Na ibadilishe kila miaka miwili, maana inanyonya unyevu wa hewani: DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia 205°C, ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140°C. Anayeshuka mlima Kitonga amekalia breki badala ya kutumia gia ndogo hufikisha joto hilo, mafuta yakawa mvuke, na pedali ikaenda sakafuni bila chochote kuvuja.

Jioni nilimwomba mama akae kwenye usukani, injini inaunguruma, akanyage kama yuko kwenye foleni. Nikahesabu mpaka sitini. Haikushuka. Zile padi zilikuwa nzima, nikaziacha.