Kibali cha GMO kikishatoka ndo kazi inaanza

Mazao ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, yakitajwa swali huwa ni moja tu, ni salama au sio salama? Ni swali la msingi, sikatai, ndo maana ipo Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa GMO wa mwaka 2000 ulioanza kutumika 2003, inataka nchi inayoletewa mbegu za GMO kwa mara ya kwanza ijulishwe mapema na ipime hatari zake kabla ya kukubali au kukataa. Nchi nyingi zinazoendelea zimetunga sheria zao kwa kufuata hiyo. Ila sisi tuliopo kwenye udhibiti tunajua kunakovuja ni baada ya kibali.

Angalia pamba ya Bt kule India, ilipitishwa 2002. Imewekewa jeni ya bakteria kwa hiyo mmea wenyewe unatengeneza protini inayomuua funza wa vitumba akiutafuna. Sasa funza nao wanazoea, wale wachache wenye usugu wanabaki hai wanazaana wao kwa wao na misimu ikipita mbegu inakuwa haina kazi. Kinga yake inajulikana, mkulima apande pembeni mistari ya pamba ya kawaida ili wadudu wasio na usugu wawepo wakapandane na wale sugu, usugu usienee haraka. India wakaliweka kuwa sharti kabisa, pakiti ya Bt ikawa inauzwa pamoja na kapakiti ka mbegu za kawaida. Haya, wewe una kashamba kadogo halafu unaambiwa utenge kipande cha kulishia wadudu, utakubali? Wengi hawakupanda, na hakuna serikali yenye maafisa wa kuzunguka mashamba yote hayo kukagua. 2010 ikatangazwa kwamba funza wa pinki, aina mojawapo ya hao funza wa vitumba, wa jimbo la Gujarat wameshakuwa sugu kwa pamba ya Bt ya kwanza. Sharti lisilokagulika ni karatasi tu.

Burkina Faso tatizo lao lilikuwa la aina nyingine. Walianza pamba ya Bt 2008, wakulima wakapunguza kupiga dawa na mavuno yakawa mazuri, lakini nyuzi zikatoka fupi wakati pamba yao ilisifika sokoni kwa nyuzi ndefu, kampuni za pamba zikalia hasara na kufikia 2016 wakaanza kuachana nayo. Hapo hakuna aliyedhurika kiafya jamani, tatizo lilikuwa biashara. Na kifungu cha 26 cha itifaki kinaruhusu kabisa kuangalia athari za kiuchumi na kijamii wakati wa kuamua, ila kwa ninavyoona mara nyingi kinachukuliwa kama pambo.

Kifungu cha 23 nacho kinataka wananchi washirikishwe, kwa hiyo mkiitwa kutoa maoni msiishie kuuliza kama inasababisha kansa. Ulizeni nani atakagua mashambani na kwa bajeti ipi, mnunuzi wa zao ameshaipima sampuli, na usugu ukionekana nani ana mamlaka ya kusimamisha mbegu isiuzwe.